Chai ya Ikulu na kiwanja cha kanisa

SWALI: Shikamoo, mwalimu. Naandika kutoka Kisauni. Kanisa letu ni dogo, la Kiprotestanti, na lilianzishwa na mchungaji mmoja ambaye miaka ya 1980 alikuwa mtu wa karibu wa serikali ya Moi. Aliitwa Ikulu ya Mombasa akanywa chai, kanisa likapewa kiwanja, na baadaye likaletewa basi la kwaya. Babu yangu, aliyekuwa mzee wa kanisa, anasema yule mtu alituokoa. Baba anasema alituuza. Sasa tunaandika historia ya kanisa kwa ajili ya jubilii na mimi ndiye katibu. Niandike nini?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Ugomvi huo wa babu na baba nimeukuta Voi, nimeukuta Kaloleni, na nyumbani kwangu Mishomoroni umewahi kututia mchanga kwenye pilau ya Krismasi. Babu yako anaishi kwa ile methali ya mkono usioweza kuukata, ubusu. Baba yako anamjibu kwamba mla cha mwenziwe na chake huliwa. Kila mmoja ameshika kipande cha kweli, na ukiwafuata wao peke yao hutaandika historia, utaandika ugomvi wa nyumbani kwenu.

Nianze na hali ambayo nyinyi vijana hamkuiona. Juni 1982 Kenya ilikuwa nchi ya chama kimoja kwa sheria. Agosti mosi mwaka huohuo wanajeshi wa anga wakajaribu kupindua serikali, wakashindwa, na tangu siku hiyo watu wakaanza kuangalia nyuma kabla ya kufungua kinywa. Kanisa lilibaki mahali ambapo mtu mmoja angeweza kusimama mbele ya mia tano na kunena nusu saa bila kukatizwa. Moi alilijua hilo, maana alikuwa mtu wa kanisa hasa: alisomeshwa na wamisheni, alikuwa muumini wa Africa Inland Church, na Jumapili kwake ilikuwa siku ya ibada. Redio jioni ilitangaza Mtukufu Rais amesali wapi, na kanisa alilosalia likajulikana nchi nzima. Sasa jiweke wewe mahali pa mchungaji wa kanisa la mabati huko Kisauni. Rais amekuja pwani kufungua Maonyesho ya Kilimo, na unaletewa ujumbe kwamba angependa kukuona. Utasema una shughuli?

Halafu kuna jambo ambalo baba yako, kwa hasira yake, amelisahau: namna kanisa dogo lilivyokuwa limeshikwa shingoni. Chini ya Sheria ya Vyama, Sura ya 108, kanisa lilisajiliwa na serikali, na aliyelisajili angeweza kulifuta. Mkutano wa injili wa uwanjani ulihitaji leseni, na utaratibu huo wa leseni haukuondolewa mpaka 1997. Juu ya yote hayo kuna ardhi, na ardhi ya hapa kwetu unaijua. Mombasa tuna ile desturi ya nyumba bila ardhi: unajenga yako, unalipa kodi ya uwanja kwa mwenyewe, na siku mwenyewe akiihitaji unabeba mabati yako kichwani. Sikushangai babu yako akiisifia hati ya kiwanja mpaka leo. Wakati ule hati yenye mhuri ilimaanisha kwamba tingatinga haliji.

Ndiyo sababu siwapendi wanaohukumu wachungaji wa makanisa madogo kwa kuwalinganisha na maaskofu wa Kianglikana wa miaka ile. Unawasikia: mbona Okullu alisema, mbona Gitari alisema, mbona Muge alisema, huyu wenu alikuwa na nini mdomoni? Siwapunguzii wale wazee ushujaa hata chembe. Lakini walikuwa na ukuta mgongoni: sinodi, yaani baraza la dayosisi, iliyowachagua, shule na ardhi za tangu enzi za wamisheni, na jumuiya ya Kianglikana duniani ambayo ingepiga kelele askofu akiguswa. Henry Okullu wa Maseno Kusini aliwahi pia kuwa mwandishi wa habari, akahariri gazeti la kanisa, kwa hiyo alijua neno gani litafika magazetini na kwa njia gani. Mchungaji wenu alikuwa na kwaya, mabati na Biblia.

Hata hivyo, tazama yaliyowapata hao wenye ukuta, ndipo utaelewa bei ya kusema ilikuwa kiasi gani.

Mwaka 1986 Kanu iliamua kwamba mchujo wa wagombea utafanywa kwa mlolongo: unasimama nyuma ya mgombea wako, au nyuma ya picha yake, mbele ya chifu, mbele ya jirani, mbele ya anayekukodishia chumba. Agosti mwaka huo wachungaji zaidi ya elfu moja, waliokutanishwa na Baraza la Taifa la Makanisa, waliupinga mpango huo. Wakaambiwa kwamba viongozi wa dini hawatalazimika kupanga foleni. Kwa wengine hilo lilitosha, kana kwamba shida ilikuwa miguu ya wachungaji. Makanisa kadhaa, likiwemo lile la Rais mwenyewe, yalijitoa katika Baraza. Hapo ndipo Waprotestanti wa Kenya walipogawanyika waziwazi, na ukitaka kujua mchungaji wenu alikuwa upande gani, anza na mwaka huo, usianze na chai.

David Gitari, aliyekuwa askofu wa Mlima Kenya Mashariki, alikuwa na mbinu ninayoipenda. Hakuwa akitafuta maneno ya kumtukana mtu. Alifungua Biblia, akasoma habari ya wakati wa kale, akaacha wasikilizaji wafanye hesabu wenyewe. Tangu 1975, mbunge J. M. Kariuki alipouawa, alikuwa ametumia vipindi vya dini redioni kuuliza lile swali la Mwanzo, yuko wapi Abeli ndugu yako. Mwaka 1987 akiwa Nyeri alihubiri habari za Danieli na sheria ya Wamedi na Waajemi isiyobadilika, na hakuna aliyehitaji kuambiwa sheria ipi ilikuwa inazungumzwa. Aprili 1989 wahuni walivamia nyumba yake usiku. Alipanda juu ya paa akapiga mayowe mpaka majirani wakaja.

Alexander Muge wa Eldoret ndiye anayenikalia moyoni zaidi, na ndiye ningependa umfikirie unapomwandika mchungaji wenu. Muge alikuwa Mnandi, wa jamii za Wakalenjin kama Rais. Kabla ya kwenda chuo cha theolojia alikuwa askari wa GSU, kikosi maalum cha polisi. Dayosisi yake ilikuwa katikati ya ngome ya Moi. Kama kulikuwa na askofu ambaye njia ya Ikulu ilikuwa imetandikwa zulia kwa ajili yake, ni huyo. Yeye akaupinga mlolongo, akataja unyakuzi wa ardhi, na akasema hadharani kwamba watu wa Pokot Magharibi wana njaa wakati wakubwa walikuwa wanakana. Agosti 1990 Peter Okondo, aliyekuwa waziri wa kazi, alitangaza kwamba Muge na Okullu wakikanyaga Busia wataona moto na huenda wasitoke wakiwa hai. Muge akaenda Busia tarehe 14, akaonana na watu, na akiwa njiani kurudi gari lake likagongana na lori la maziwa. Alikufa papo hapo. Waziri akajiuzulu, dereva wa lori akafungwa. Miaka mingi baadaye, mbele ya Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano, yalitolewa madai kwamba haikuwa ajali.

Kwa nini nakurefushia habari za Muge? Kwa sababu baba yako anadhani ukaribu ndio uliomharibu mchungaji wenu. Ukaribu peke yake hauharibu. Natani aliingia kwa Daudi bila kubisha mlango, akatoka akiwa bado nabii. Janani Luwum, askofu mkuu wa Uganda, alionana na Idi Amin mara kwa mara kuwaombea watu waliokamatwa, na walikuwapo Wakristo walionung'unika kwamba amemkaribia mno. Februari 1977 askari walipekua nyumba yake usiku wakitafuta silaha. Siku chache baadaye yeye na maaskofu wenzake wakamwandikia Amin barua ya kulalamikia mauaji, wakaitia sahihi kwa majina yao. Tarehe 16 akaitwa, na hakurudi. Serikali ikasema ni ajali ya gari. (Mtu akisoma historia hii kwa muda mrefu huanza kuliogopa neno ajali.)

Ukipita barabara ya Nkrumah hapa Mombasa, ingia pale Memorial Cathedral. Jengo lile ni kumbukumbu ya Askofu James Hannington, aliyeondoka Rabai mwaka 1885 akielekea Uganda akauawa Busoga kwa amri ya Kabaka Mwanga. Luwum alichimbiwa kaburi Namirembe, kwenye kanisa kuu la Kampala, jirani na kaburi la Hannington. Maiti haikuletwa. Jumapili watu walikusanyika pale wakaimba mbele ya shimo tupu, maana jeshi lilikuwa limeshampeleka kwao Mucwini likamzika huko. Nilipokuwa nafundisha nilikuwa nawapeleka wanafunzi katika kanisa hilo la Nkrumah kabla ya kuwasimulia habari za Luwum, na hata wale wasinziaji wa kipindi cha saa nane walikuwa macho.

Kwa hiyo kukaa na mtawala hakutoshi kumtia mtu hatiani. Na kupata kitu kutoka kwake? Hapo pana ugumu zaidi, na naomba twende mbali kidogo, hadi Ujerumani Mashariki. Moritz Mitzenheim alikuwa askofu wa Kilutheri wa Thüringen tangu 1945 hadi 1970, chini ya serikali ya kikomunisti ambayo haikuwa na haja na Mungu. Maaskofu wenzake wengi walikaa mbali nayo. Yeye alizungumza nayo, akapokea nishani yake, wakamwita askofu mwekundu. Agosti 1964 alikutana na Walter Ulbricht, mkuu wa dola, katika ngome ya Wartburg. Mwaka huohuo wazee waliostaafu wakaruhusiwa kuvuka kwenda Magharibi kuwatembelea jamaa zao, na jambo hilo likafungamanishwa na jina la Mitzenheim. Hebu fikiria bibi aliyetengwa na binti yake kwa ule ukuta wa Berlin tangu 1961. Mwambie huyo kwamba askofu aliuza kanisa, usikie atakujibu nini. Upande wa pili, kwa kwenda peke yake aliipa serikali nafasi ya kuwaambia wale wengine: mwenzenu ni mtu mwenye busara, nyinyi mna matatizo gani?

Mimi Mitzenheim ananisumbua mpaka leo, sijui nimweke wapi. Lakini ananisaidia kuona tofauti moja. Alichohusishwa nacho kiliwafikia wazee wa nchi nzima, wanaosali na wasiosali. Basi la kwaya lilimfikia nani? Mchungaji wenu akiwa mle ndani na kikombe mkononi, aliwaombea wakazi wa Kisauni wote waliokaa bila hati, au aliliombea kanisa lake? Kama aliomba kiwanja kimoja akanyamazia mia mbili vilivyo jirani, hilo ni jambo la kuandikwa, na si tusi. Kama aliwataja majirani akanyimwa, hilo pia liandikwe, na baba yako alisome.

Swali ambalo hukuniuliza, na ndilo ningekuwa nalo mimi kalamu ikiwa mkononi, ni hili: baada ya chai, mchungaji aliacha kusema nini? Zawadi ya mtawala hailipwi kwa sifa. Sifa kila mtu alizitoa, hata watoto wa shule tuliwafundisha kuimba. Inalipwa kwa mahubiri ambayo hayakuhubiriwa, na ndiyo maana ni vigumu kuyapata: hakuna anayetunza hotuba aliyoikalia.

Nitakuambia la kwangu ili usidhani nahukumu kutoka juu ya mnazi. Mwaka 1988 nilikuwa mwalimu kijana, mwandiko wangu mzuri, na kanisa nililosali liliandaa harambee ya kumalizia paa. Mgeni wa heshima alikuwa mkubwa mmoja serikalini. Nikapewa kazi ya kutunga risala. Wiki chache kabla, siku ya mchujo wa Februari, nilikuwa nimeuona kwa macho yangu mlolongo mfupi ukitangazwa kuwa mrefu. Watu walikuwa bado wamesimama, unaweza kuwahesabu kwa kidole, na mtangazaji akasoma namba zake. Wakati huo mgombea akipata asilimia 70 kwenye mchujo alipita bila kupingwa, kura ya siri haikumhusu tena. Basi katika risala niliweka sentensi moja, ya adabu kabisa, kwamba waumini wanaomba haki itendeke wakati wa kuhesabu. Usiku nikaikata. Mchungaji hakuniambia, wazee hawakuniambia, mgeni mwenyewe hakujua kwamba iliwahi kuwapo. Tulipata paa. Nakala yenye mstari uliokatwa ninayo hadi leo, ndani ya kitabu cha nyimbo.

Ndiyo kusema wewe katibu usiridhike na picha za ukutani. Omba vitabu. Mwanzo kitabu cha kumbukumbu za baraza la wazee, 1982 hadi 1997. Tazama tarehe ya kupewa kiwanja, kisha usome miezi sita kabla na miezi sita baada. Kabla, wazee walikuwa wanajadili nini: njaa, karo, vijana waliokamatwa? Baadaye mada hizo zipo au zimetoweka? Daftari la hazina litakuonyesha basi lililetwa na nani, limeandikishwa kwa jina la nani, na mafuta yalinunuliwa na nani siku za mikutano ya Kanu. Ukikuta basi la kwaya lilikuwa linabeba watu kwenda kwenye mikutano ya chama, utakuwa umepata jambo ambalo babu hakulitaja. Hati ya kiwanja nayo isome jina. Nimewahi kuona ya kanisa ambayo ndani ina jina la mtu, na warithi wake sasa wanataka nyumba yao.

Kisha wafuate akina mama. Wazee wa kanisa hukumbuka vyeo na ziara, lakini wanawake wa umoja wa akina mama hukumbuka nani alipikia wageni na nani aliambiwa akae kimya. Wengine wana daftari walimoandika somo la kila Jumapili na maneno mawili matatu ya mhubiri. Daftari moja la namna hiyo linashinda hotuba kumi za jubilii. Jumapili za Februari na Machi 1988 ziangalie kwa makini, na za 1990 baada ya Muge kuzikwa. Halafu nenda Agosti 1997, Likoni ilipowaka moto, vijana wenye silaha wakiwavamia watu wa bara, nao wakakimbilia makanisani na mabunda yao. Mchungaji wenu kama alikuwa bado hai, aliwafungulia milango? Na aliwauliza wakubwa, rafiki zake, ni nani aliyewatuma wale vijana? Mtu anaweza kunyamaza miaka kumi halafu siku moja akatumia urafiki wake wote kuokoa familia arobaini. Hayo nayo hutokea, na sitaki yakupite kwa sababu baba amekwisha kukupa hukumu.

Babu naye umkalie vizuri, kwa heshima, jioni akiwa na kahawa yake. Usimuulize kama mchungaji aliuza kanisa, atakufukuza. Muulize siku ile ya Ikulu mchungaji alikwenda na nani. Aliporudi, wazee walikaa naye wakamuuliza alichosema huko, au walipiga vigelegele tu? Luwum aliandika barua pamoja na wenzake. Okullu na Gitari walikuwa na sinodi ya kuwauliza. Kiongozi anayekwenda kwa mtawala peke yake na kurudi asiulizwe, hata akiwa malaika, hana wa kumshika mkono siku anapoteleza. Kama wazee hawakumuuliza, basi habari hiyo si ya mchungaji peke yake. Babu yako alikuwa mmoja wao, kwa hiyo nenda taratibu.

Kuhusu familia ya marehemu: waonyeshe rasimu kabla haijachapwa. Andika tarehe, kiasi, na majina yaliyomo vitabuni, usiandike nia za mtu ambaye hayupo kujitetea. Neno msaliti usilitumie, wala shujaa. Wale watakaotaka sura hiyo iondolewe kwa sababu mwanasiasa fulani amealikwa kwenye sherehe, waambie kwamba mwaka 2021 Kanisa la Anglikana liliwakataza wanasiasa kuzungumza mimbarini, na harambee zake hazikufa.

Ukikuta ukurasa wa Februari 1988 umechanwa, au upo na umeandikwa kwamba wazee walijadili rangi ya sare za kwaya, usijaze pengo hilo kwa maneno yako. Andika hivyohivyo: nchi ilipanga mlolongo mwezi huo, na wazee wetu walijadili rangi ya sare. Chini yake weka tarehe ya kikao na majina ya waliohudhuria.